Mnyauko uliomgombanisha mama na mdogo wake, DNA ya bakteria ikanionyesha mimi

Wakuu, kwema huko mliko?

Nimekuwa msomaji tu humu, leo nina langu. Ni kweli tupu, na aibu yake ni yangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kulipamba.

Mimi ni fundi wa maabara, nashughulika na bakteria wa mazao. Naishi Rubwera, nina kashamba ka migomba nyuma ya nyumba. Mama yuko Ihembe peke yake tangu mzee afariki. Mdogo wake, mama mdogo Adela, kaolewa Kihanga.

Hawa wawili walilala kitanda kimoja mpaka mmoja alipoolewa. Mama akikaanga senene, lazima atenge za Adela.

Sasa mama mdogo alimpa mama miche ya enshakala, ile ndizi ya kupika. Mama akaipanda karibu na jiko. Baada ya miezi kadhaa majani yakageuka njano, yakalegea. Ukikata shina unatoka ute wa njano. Wenye migomba mnaujua mnyauko. Ulipita karibu shamba zima.

Mama akasema, "Adela ameniletea ugonjwa." Basi. Simu zake akawa hapokei.

Mama mdogo akatuma kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni akishakaa. Mama akairudisha, kifurushi hakijafunguliwa. Kwetu kurudisha kahawa si jambo dogo. Nilimwona macho siku ile, alikuwa anaumia kuliko aliyerudishiwa.

Nikajifanya mimi ndiye nitakayelimaliza. Nikachukua sampuli za ute kwa mama, na kwa mama mdogo, maana kweli migomba yake miwili ya pembeni ilikuwa inaumwa. Nikaongeza ya kwangu Rubwera, kwa sababu mnyauko ulinipiga kabla ya mama. Yangu ilikuwa ya kulinganishia tu.

Niwaeleze kidogo hapa. Kwa darubini hawa bakteria huwezi kuwatofautisha. Ila DNA yao ni maandishi marefu, na wakizaana, mara moja moja herufi inakosewa. Watoto wanarithi kosa lile. Wawili wakiwa na makosa yale yale, wametoka kwa babu mmoja wa karibu.

Huyu wa mnyauko mwenyewe zamani alihesabiwa kundi moja na bakteria wa kabichi. DNA iliposomwa ndipo ikaonekana ndugu zake wa karibu ni wale wa mtama na mahindi. Kumbe hata wataalamu huwa wanakosea ukoo.

Majibu yakatoka, nikachora mti wa ukoo kwenye laptop. Wa Kihanga amekaa tawi lake peke yake. Wa mama yuko tawi moja na wa Rubwera.

Yaani wa kwangu.

Nikarudia uchambuzi mara mbili, nikiomba iwe nimechanganya vibandiko. Wapi.

Mti hausemi nani alibeba. Hilo nililikumbuka mwenyewe. Kwetu mtoto akienda kusalimia haendi kukaa tu, anaingia shambani kupunguza majani. Na mimi huenda na kisu cha marehemu baba, sitaki kingine. Jumamosi moja nilikata migomba yangu iliyougua, nikakifuta kisu kwenye nyasi, nikapanda gari kwenda Ihembe. Mimi huyo huyo ambaye kazini sigusi sampuli kabla kifaa hakijapita kwenye moto.

Nilikaa na jambo hilo siku nne, naogopa. Siku ya tano nikaenda.

"Mama, ugonjwa nimeuleta mimi. Kwa kisu cha baba."

Akauliza, "Kwa hiyo mdogo wangu nimemwonea?"

Nikasema ndiyo. Hakunigombeza. Aliingia ndani kubadilisha kitenge, akaniambia kisu nije nacho.

Tulipofika Kihanga, mama alianza kupiga magoti mlangoni. Wakuu, kwetu mkubwa hampigii mdogo magoti. Mama mdogo akamwahi kabla hayajafika chini. "Dada, usinifanyie hivyo." Wakashikana pale pale, mimi nikatazama pembeni.

Kahawa ikaletwa. Mama akaitafuna, machozi yanamtoka.

Kisha mama mdogo akaniuliza kisu kiko wapi. Nikadhani anakwenda kukitupa chooni. Akakiweka kwenye moto wa jikoni, akakigeuza upande huu na huu, akakiacha kipoe, akanirudishia mpini ukiwa upande wangu.

"Shemeji alikipenda sana hiki. Haya, nenda kanipunguzie majani."

Nilikata majani nalia, siwafichi.

Nilichojifunza: choma kisu au kisafishe kwa jiki kabla hujaingia shamba la mtu, hata kama ni la mama yako. Na kabla hujasema nani kaleta ugonjwa, anza kuangalia ulichoshika wewe.

Siku hizi nikifika Ihembe mama haitikii shikamoo mpaka aulize kama kisu kimepita kwenye moto.

Haya, nanyi semeni. Kuna ndugu uliyemnunia, halafu kosa likaonekana liko kwako? Ulimwendea vipi?