Riwaya Iliyofungia Mandazi

Juzi nilinunua mandazi pale Kawangware 56, nikapewa kwenye mfuko mweupe usio na hata neno moja la kusoma. Nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akauliza, "Unacheka nini, sista?" Ningemwambiaje kwamba kuna riwaya niliyoisoma, karibu yote, kwenye karatasi za mandazi?

Ilikuwa Laini Saba, mtaa wa mabanda nilikokulia, mwaka ambao mifereji ya maji ilikauka. Jirani yetu aliyekaanga mandazi alinunua vitabu kuukuu vya kufungia, kimoja kikiwa na picha ya jua jekundu kwenye jalada. Rafiki yangu, kitabu kile! Mvua imegoma dunia nzima, bahari zimebaki chumvi, na msichana wa rika langu anatembea na chupa ya mbegu za mwisho akitafuta pa kuzipanda. Kila jioni nilimkwangulia jirani sufuria ili aniruhusu nisome kurasa chache, na asubuhi niliwasimulia akina mama kwenye foleni ya maji, kwenye mfereji mmoja uliokuwa bado ukidondosha. Walisahau hata kugombana. Nyanya yangu, mtu wa Kitui aliyezijua njaa za kwao kwa majina, alimkosoa mwandishi bila huruma. "Mbegu kwa chupa bila majivu? Si wadudu watazimaliza!"

Siku moja msichana akafika bondeni, chupa mkononi, akatazama juu. Nikafunua ukurasa unaofuata, nikakuta jalada la nyuma.

"Mama, mwisho uko wapi?"

"Mwisho ulienda na mandazi kitambo," jirani akanijibu. "Mimi huchana kutoka nyuma. Huku mbele kuna picha poa."

Nililia kweli kweli. Kesho yake foleni nzima ikanigeukia. "Haya, tuambie. Ilinyesha ama haikunyesha?" Nilitaka kudanganya, lakini ulimi ulikataa. Nikasema sijui. Zogo lililozuka! Wengine walikimbia nyumbani kutafuta karatasi zao, wakarudi mikono mitupu. Zote zilikuwa zimewashiwa jiko.

Nyanya akaupiga mtungi wake kofi. "Kwani huyo msichana anangoja nini? Sisi kwetu hatungoji. Tunapanda kwa vumbi, mvua itukute tumemaliza. Sema amepanda!"

Nikasema amepanda. Nikamwinamisha msichana, nikamchimbisha mashimo, nikamfanya afukie mbegu moja moja, huku foleni ikipiga makofi na vigelegele. Sijawahi kufurahi vile tena, na siogopi kusema hivyo.

Mfereji ule haupo siku hizi. Nyumba zilibomolewa, akina mama wakatawanyika, na sijui hata mmoja anaishi wapi. Nyanya tulimzika Kitui mwaka wa kiangazi kingine, ardhi ngumu, mbingu nyeupe. Watu walipomaliza kufukia kaburi hawakurudisha majembe nyumbani. Walishuka nayo moja kwa moja shambani, wakaanza kupanda, na hakuna aliyetazama juu.