Kitambaa kwenye Mlizamu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, ingawa nimepanda mapaa mengi hapa Bagamoyo.

Tulikuwa tunakarabati paa bapa la zege la duka la ushonaji la Bi Zuhura, karibu na sokoni. Paa la aina ile hupimwa kwa maji. Unaziba mlizamu, ule mdomo unaotoa maji ya mvua, unamwaga maji juu, kisha unatazama yanapenyea wapi. Nikaziba kwa kitambaa. Tukauona ufa, tukaacha kuuziba hadi Jumatatu. Fundi Saidi, aliyenifundisha kazi, akaniambia nizibue mlizamu kabla sijashuka. Mimi nilikuwa na harusi Mlingotini, nikashuka mbio.

Njiani nikakumbuka. Nikaitazama kanzu yangu iliyopigwa pasi, nikajisemea kwamba mawingu yale yanapita tu. Nikaenda kula pilau.

Mvua ilinyesha alasiri nzima. Paa likajaa, maji yakashuka kwenye ufa na kulowesha sare za shule ambazo Bi Zuhura alitakiwa kuzikabidhi Jumatatu. Mashati meupe yote yaliingia madoa.

Nilipofika dukani, Fundi Saidi alikuwa ameshamwambia Bi Zuhura kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyesahau kuzibua. Nikanyamaza. Niliona nafuu, na nafuu ile inanitia aibu mpaka leo.

Tulipotoka nje akaniuliza, "Ulikumbuka?"

"Nilikumbuka, fundi. Nikiwa njiani."

"Kusahau nimekubebea. Hilo la kukumbuka, libebe mwenyewe."

Siku mbili nikawa napita mbali na duka lile. Ya tatu, ile Jumatatu ya kuziba ufa, nikaingia.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Kitambaa nilikiacha mimi."

"Marahaba," akaitikia, mguu bado uko kwenye cherehani. "Najua. Fundi wako hapandi ngazi tangu goti limharibikie. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja. Paa bado halijaisha, nami nilikuwa sijui kama nikuruhusu upande tena."

Basi, mwanangu, kabla hujashuka, gusa kila mlizamu kwa mkono wako, usitosheke na kutazama kwa mbali. Ukikumbuka ulichokiacha, rudi papo hapo, hata kama watu wanakusubiri na chakula kinapoa. Na ukichelewa kurudi, usimwachie mwingine aseme kwa niaba yako.

Mwenyezi Mungu akupe kazi zisizokuaibisha, na siku utakayokosea akupe ulimi wa kusema: ni mimi.