Gita Bila Umeme

Ukipanda mtaa wa Cimpunda, mjini Bukavu, kutoka soko la Kadutu, kabla pumzi haijakuisha utaona nyumba ya mbao yenye waya wa umeme uliofungwa kwa kipande cha ndala. Aliyeufunga ni Télesphore, fundi wa redio. Kwenye kitambulisho cha Zaïre aliitwa Bisimwa, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini nyumbani nani angekuja kukataza? Mdogo wake wa kike, Nsimire, ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Alimfundisha kuunganisha waya, halafu kupiga gita, na gita yenyewe, ya umeme, waliichonga pamoja kutoka ubao wa kitanda kilichovunjika.

Wawili hao walikuwa na mpango. Nsimire akimaliza sekondari, ataenda Kinshasa, kwenye chuo kimoja walichosikia habari zake: mchana wanafunzi wanasomea informatique, elimu ya kompyuta, jioni wana orchestre yao, bendi inayopiga rock, na mwenye kutaka kuingia anapimwa kwa vyote viwili.

"Sasa ordinateur njo nini?" Nsimire alimuuliza siku moja, maana kompyuta hakuwahi kuiona.

"Iko masini yenye kujua bintu bibili tu. Courant iko, courant haiko," akajibu Télesphore, akiuunganisha na kuuachanisha waya wa umeme.

"Na ile tu njo inafanya hesabu?"

"Na weye? Haukai Cimpunda, courant inakuya inaenda? Hesabu haufanyaka?"

Walicheka mpaka maman akawauliza kama nyumba imegeuka baa.

Kisha Télesphore akaenda Walungu kufunga vipaza sauti vya harusi. Camionnette, gari dogo la mizigo lililombeba juu ya magunia ya mihogo, ilipinduka kwenye mteremko. Akarudishwa Cimpunda amefunikwa.

Nsimire hakulia. Shangazi yake Adèle alimnong'oneza kilioni, "Lia, mwanangu, batu banaangalia," naye akaitikia vizuri, akaenda kuosha sahani. Alinyolewa nywele pamoja na wengine, akaona nywele zake chini kama nywele za mtu mwingine. Siku ambayo dada yake Adolphine alisahau chumvi kwenye sombe, yaani kisamvu, kila mtu aliuacha ugali wake katikati. Nsimire alimaliza sahani yake.

"Haukusikia chumvi haiko?" Adolphine akauliza.

"Kusikia nini?"

Tonton Alphonse, ndugu wa mama, alikuja kuuliza habari za masomo. "Umechagua wapi, Nsimire? Hapa Bukavu unaweza kusomea ualimu, magaribi unarudia kula kwenu."

"Ni sawa, tonton."

"Ao Kinshasa, vile mulikuwa munasema na marehemu?"

"Nayo ni sawa."

Tonton akamgeukia mama. "Uyu mutoto iko sawa mulango, Bibiane. Unasukuma uku, unaenda. Unasukuma kule, unaenda."

Kukawa na tatizo. Assistant, mhadhiri msaidizi aliyetumwa na chuo cha Kinshasa kuwapima wanafunzi, angepita Bukavu mara moja tu, na siku yenyewe iliangukia kabla ya familia kutoa kilio, yaani kumaliza matanga. Nyumba yenye kilio haipigi redio, wala ngoma, wala gita. Ampli ya Télesphore, ile ya kukuzia sauti ya gita, ilikuwa imegeuzwa uso ukutani, imefunikwa kitenge cha mama.

"Kama gita inalia mbele ya siku yake," Maman Bibiane alisema, "njo kusema tulisha kumusahabu. Kwenda, uende. Lakini isilie."

Na asiyepiga hachaguliwi. Nsimire alijua yote hayo kama mtu anavyojua bei ya kitu asichokusudia kununua. Asubuhi akaichukua gita, akaiacha ampli.

Mtihani wa hesabu ulipita bila shida. Baadaye, katika ukumbi wa parokia, vijana walipiga mmoja mmoja, madirisha yakitetemeka. Zamu yake ilipofika, alikaa juu ya kiti, gita magotini, waya hauendi popote.

"Citoyenne, ampli ya paroisse iko pale," alisema assistant, mtu wa Kindu, abacost yake, ile suti isiyovaliwa tai, imefungwa mpaka shingoni.

"Naiona, citoyen. Tuko na kilio. Bado hatujaitoa."

Akaanza kupiga. Nyuzi za gita ya umeme zisipopata umeme hutoa sauti ya mdudu ndani ya kiberiti.

"Iyo njo rock ya panya," kijana mmoja akasema nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

Nsimire hakuacha kupiga. Assistant aliwanyamazisha kwa mkono, akasogea, akainama mpaka sikio lake likagusa gita, ule ubao wa kitanda. Akakaa hivyo mpaka mwisho.

"Nani aliitengeneza?"

"Yaya yangu, kaka mukubwa. Njo kilio yake."

"Nimesikia. Nafasi iko, lakini sipeleki mutu kwa ajili ya marehemu. Weye mwenyewe unataka?"

"Ni sawa, citoyen."

"Mu informatique hakuna ni sawa. Kuko ndiyo na kuko hapana."

Courant iko, courant haiko. Nsimire akatafuta ndani yake, akakuta giza tu, kama Cimpunda siku za mvua. Lakini vidole vyake vilikuwa bado vimebana uzi wa mwisho. Hakuna aliyeviambia vibane.

"Ndiyo," akasema.

Siku ya kutoa kilio ndugu walikuja na kasiksi, ile pombe ya ndizi, mtungi baada ya mtungi. Maman Bibiane mwenyewe aliivuta ampli kutoka ukutani, akaondoa kitenge, akakikunja polepole.

"Sasa ilie."

Nsimire akachomeka waya. Kabla hajagusa uzi, ampli ikaanza kuvuma, ule mvumo ambao Télesphore alishindwa kuuondoa miaka yote. Watu wakangoja. Naye akausikiliza kwanza. Halafu akapiga, na kuku wa jirani wakakimbia, na Tonton Alphonse akaziba sikio moja, lile jingine akaliacha.

Alipomaliza hakujisikia furaha, wala uchungu. Ncha za vidole ndizo zilizomwasha kidogo. Walimpa sahani ya sombe, akala tonge moja, akaacha.

"Adolphine," akasema, "unipe chumvi."