Maksai Walioelewa Asante

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya mkono. Mwaka ule nilianguka na mzigo wa kuni, mkono wa kulia ukavunjika, ukaungika kombo, na tangu hapo sikuweza tena kuinua jembe. Shemeji yangu Kristofa, mdogo wa marehemu mume wangu, akaja na lake: "Shemeji, shamba kiachie kijiji. Njoo ukae kwetu mjini, Kizwite, mke wangu atakupikia." Mimi huyu, nikapikiwe! Nilimjibu kwamba nitahamia Kizwite siku kuku wangu watakapoota pembe.

Basi pembe zikaja kweli, ila si za kuku. Mkutanoni tulitangaziwa kwamba wilaya imetenga fungu la kilimo, na kijiji chetu cha ujamaa, huku nyuma ya Milanzi, kimepewa maksai wawili waliofundishwa kulima, pamoja na plau mpya. Sharti lilikuwa moja: mvua zikianza kabla hawajalima, watahamishiwa kijiji kingine. Watu waliguna. Tulishawahi kupewa trekta, likalima nusu shamba, likakosa spea, na siku zile kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mwenyekiti alipouliza nani atakwenda kuwachukua hao maksai, wanaume wakaangalia chini. Nikasimama mimi. Kristofa, aliyekuwa amekuja tena kunichukua, akacheka mpaka akakohoa. "Nitamsindikiza," akasema, "tukirudi tupitilize Kizwite."

Sumbawanga mjini, asubuhi na mapema, tulimkuta mfanyabiashara mmoja, Mzee Salumu, akipakia chumvi kwenye lori lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na baridi hii, mnakwenda wapi?"

Nilipomweleza kwamba tunafuata maksai Laela, alikataa nauli. "Mkilima ninyi, mimi nitapata cha kubeba. Wewe kaa mbele na dereva. Shemeji yako atakaa juu ya chumvi." Akaahidi pia kwamba lori likirudi litatuletea plau bure. Mungu amrehemu, yule mzee. Kristofa alifika Laela mweupe kwa vumbi, midomo imemkauka, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Laela, mchana, tulifika kwenye shamba la serikali. Aliyewafundisha maksai alikuwa mtu wa Rungwe, Ndugu Ambakisye, mpole, sauti ya chini. "Huyu Uhuru, na huyu Kazi," alisema. "Wanaelewa Kiswahili tu. Kinyakyusa changu nimewanyima makusudi, maana hawa ni wa taifa zima." Wakiambiwa "twende" wanakwenda, "kulia" wanageuka kulia. Na kila walipofika mwisho wa mstari, Ndugu Ambakisye aliwakuna kwenye paji la uso: "Asante, Uhuru. Asante, Kazi." Nikamnong'oneza Kristofa, "Watu wa Rungwe wana adabu jamani, mpaka kwa ng'ombe!"

Kisha akanipa plau niijaribu. Jembe la mkono hunyanyuliwa, lakini plau hushikwa tu isiyumbe, na kushika mkono wangu uliweza. Nililima mstari mzima. Nililia, sikuona aibu.

Njia ya kurudi tulitembea na maksai wetu, upepo wa Ufipa ukitupiga usoni na nyasi kavu pande zote. Mahali fulani mama mmoja alitoka nyumbani kwake na bakuli la maharage ya moto. "Asante sana, dada," nikasema. Maksai wakasimama tuli. Nikadhani wamechoka. Mbele kidogo mtu wa baiskeli akatupisha, nikamwambia asante, wakasimama tena. "Wavivu kama trekta," akasema Kristofa. Nikawaambia twende, wakaondoka, lakini moyo uliniuma. Kila nyumba tuliyoomba kulala ilitupa moto na uji, na maksai wakapewa maji. Sikuomba mara mbili popote.

Nyumbani tulikuta kijiji kizima kimejaa shambani, na bwana shamba wa wilaya amekuja kuona. Plau ilikuwa imeshafika, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nikashika plau. "Twende!" Udongo ukageuka, mweusi, unanukia. Watu wakalipuka: "Asante! Asante serikali!" Maksai wakasimama. Nikawaambia twende, wakaenda, watu wakashangilia, wakasimama. Bwana shamba akakuna kichwa. "Mama, nasikitika. Kama hawalimi, kesho inabidi niwapeleke kwingine."

Nikawaambia twende tena, safari hii kwa sauti ya kuomba. Wakaondoka. Kristofa akanifuata, na mara hii hakuwa na utani. "Basi, shemeji. Umejitahidi. Asante kwa…" Hakumaliza. Maksai walikuwa wameshasimama, Uhuru amesogeza paji la uso, anangoja kukunwa.

Ndipo nikamkumbuka Ndugu Ambakisye. "Jamani, nyamazeni!" nilipiga kelele. "Hawa wakisikia asante wanajua kazi imekwisha! Anayetaka kushukuru ashukuru kwa Kifipa!"

Shamba zima lilicheka. Halafu shukrani za Kifipa zikamwagika kutoka kila upande, na vigelegele juu yake, na Uhuru na Kazi wakalima kama hawasikii kitu. Bwana shamba alikuwa mgeni, Kifipa hajui hata neno, lakini alivua kofia.

Walilima shamba la kijiji, kisha wakazunguka nyumba kwa nyumba. Zamu yangu ilipofika matone ya kwanza yalikuwa yanadondoka. Kristofa ndiye aliyewaongoza maksai, ameng'ata mdomo asije akateleza ulimi. Nami nilikuwa na shukrani zimenijaa mpaka kooni, za Mzee Salumu na chumvi yake, za mama wa maharage, za serikali iliyotupa trekta bovu na bado haikutukatia tamaa. Niligundua siku ile kwamba kushukuru ni rahisi, ila kushukuru mapema kunasimamisha kazi.

Tulipofika ukingoni hapakuwa na mstari mwingine wa kulima.

"Vipi kuhusu Kizwite?" nikamuuliza.

"Nitamwambia mke wangu asipike," akajibu Kristofa.

Nikaweka plau chini, nikapita mbele ya maksai, nikawakuna, na kwa Kiswahili kilichonyooka nikawaambia wote watatu: "Asante."