Mgeni Aliyeleta Mkaa Harusini

Shuleni nilikuwa hodari wa nahau za Kiingereza. Kidato cha nne niliweza kukuambia ipi ni sitiari, ipi ni tashbiha, ipi ni tashihisi, na mara moja mwalimu alisoma majibu yangu mbele ya darasa zima. Kitu ambacho sikuwahi kufanya ni kukutana na nahau iliyo hai, inayotoka mdomoni mwa mtu mwenye haraka, bila kupigiwa mstari na bila swali linalosema "eleza maana yake". Hilo lilinikuta Igogo, kando ya ziwa, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, siku ya kwanza ya kazi yangu ya kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa ukalimani. Kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa ufukweni kilikuwa kimepata mgeni kutoka Uingereza, mama wa makamo, mtaalamu wa kukausha samaki. Angekaa nao miezi mitatu kuwafundisha kuanika dagaa juu ya vichanja vya wavu badala ya kuwamwaga mchangani. Yeye Kiswahili chake kilikuwa "asante" tu. Wao Kiingereza walikiacha darasa la saba pamoja na sare. Mimi nikatoka Kiseke, nilikokuwa nikiishi kwa shangazi, na blauzi yangu nyeupe iliyonyooshwa vizuri, nikaketi katikati yao.

Baada ya salamu mgeni alisimama, akasugua viganja kwa furaha, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo, ukiyachukua moja moja, ni haya: kabla ya kuanza kazi, kwanza tuvunje barafu.

Nikawageukia akina mama nikatafsiri vilevile. "Anasema kwanza tuvunje barafu."

Wakatazamana. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa Kisukuma mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio katikati ya ziwa, akanitazama.

"Balafu?" aliuliza. "Dagaa hawawekwi balafu, mwanangu. Dagaa wanataka jua."

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Haya. Mgeni ni mgeni." Akamgeukia mwenzake. "Nenda kwa wale wanaouza sangara, omba pande moja. Na mchi uje nao."

Nilikuwa na nafasi ya kulisimamisha jambo lile. Sikulisimamisha. Nilijiambia huenda ni hatua ya kitaalamu, na kwamba mkalimani mzuri hambishii mtaalamu. Punde pande la barafu likafika ndani ya beseni, likawekwa juu ya gunia, na mwenyekiti akampa mgeni mchi kwa mikono miwili, kwa heshima.

Mgeni aliitazama barafu. Akautazama mchi. Kisha akanitazama mimi.

"Hii ni ya nini?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Ni barafu uliyosema tuivunje."

Uso ukamwiva. Akaufunika kwa viganja, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka hadi machozi yakamtoka. Akina mama hawakujua kinachochekesha, ila walimwona mtu mzima anacheka juu ya ndoo, nao wakaanza. Alipopata pumzi akauchukua mchi akaipiga ile barafu kwa nguvu zake zote. Kipande kikaruka kikaingia shingoni mwa mwenyekiti, akaruka juu akipiga kelele kwa Kisukuma. Muda si mrefu kila mtu alikuwa amelowa, na kila mtu alikuwa akinyonya kipande cha barafu.

Ndipo mgeni alipotueleza. Kwao, kuvunja barafu ni kufanya jambo dogo ili watu wasiojuana wazoeane. "Sasa si imevunjika?" alisema, nami nikatafsiri huku natamani ardhi inimeze.

Ni mimi peke yangu ambaye sikucheka. Jioni nilikuwa nafunga mkoba wangu nikiwa nimeshaamua nisirudi kesho yake. Mwenyekiti akanifuata.

"Mbona umekunja uso?"

"Mama, kazi hii siiwezi. Nimebeba maneno, maana nimeiacha njiani."

Akachota dagaa kiganjani, akawa anawachambua huku anasema. "Sisi hapa tukisema fulani anatia chumvi, wewe huwa unakwenda kuonja?"

"Hapana, mama."

"Nani alikufundisha kwamba ni mwongo, wala si mpishi?"

Hakuna aliyenifundisha. Niliishi nalo neno hilo tu, kama unavyoishi na jirani.

"Basi la kwao utalijua hivyohivyo," alisema. "Ukisikia neno halikai sawa, muulize. Kuuliza si aibu. Aibu ni kututuma balafu."

Kesho yake nilirudi. Toka siku hiyo nikajizoeza kusita. Mgeni akisema jambo ambalo halikai mahali pake, namwinulia kidole, naye anajua, anarudia kwa maneno ya kawaida. Siku aliposema anajisikia yuko chini ya hali ya hewa, nikainua kidole, kumbe mafua. Aliposema kazi fulani ni kipande cha keki, nikainua kidole, kumbe ni rahisi. Akina mama wakaipenda hiyo ya keki. Kwa nini ugumu haukupewa chakula chake, waliuliza, wakaamua wenyewe kwamba kazi ngumu iwe ugali wa jana.

Siku moja alikuja mnunuzi mmoja, kijana wa miwani myeusi, akitaka dagaa wote wa wiki ile kwa ahadi nyingi na haraka nyingi. Mgeni akaninong'oneza kwamba mtu huyu ana jambo lenye harufu ya samaki. Nikatazama pande zote. Pale ufukweni hata daftari langu lilikuwa na harufu ya samaki. Nikainua kidole.

"Simwamini," alisema.

Hilo nililitafsiri bila shida. "Mgeni anasema huyu ana walakini."

Mwenyekiti naye alikuwa ameshamwona hivyo, kwa hiyo kijana akaondoka mikono mitupu. Lakini mwenyekiti alipotaka kujua Kiingereza kimelisemaje, nikamwambia. Akanyanyua kidevu.

"Mwambie samaki ndiye anayetusomeshea watoto. Harufu yake ni ya ada."

Nilimwambia mgeni neno kwa neno, kwa sababu safari hii neno kwa neno ndilo lililofaa. Mgeni akaweka mkono kifuani akaomba radhi, kwa Kiswahili, sentensi yake ya kwanza ndefu: "Samahani mama, Kiingereza ni mjinga." Akina mama wakampigia makofi.

Tangu hapo akashika Kiswahili kwa bidii. Alijifunza majina ya vitu kwanza: wavu, jua, kichanja, sufuria, jiko. Kila asubuhi alifika na maneno mapya, akiyatumia yote kabla ya saa nne.

Mwezi wa tatu nikashikwa na malaria, nikalala siku nne. Wakati nipo kitandani, mwenyekiti alimwalika mgeni kwenye sherehe bila mkalimani. Alisema polepole ili aeleweke: "Mwanangu yuko Sengerema. Amepata jiko. Jumamosi njoo tufurahi." Mgeni alielewa kila neno. Alifurahi sana kuelewa kila neno.

Nami nilikuwa nimealikwa, na Jumamosi nilipofika kivukoni nikamkuta amevaa gauni la kitenge, amesimama kando ya gunia kubwa lililofungwa utepe mwekundu.

"Hujambo?" alinisalimu. "Umepona?"

"Nimepona. Hilo gunia ni la nini?"

"Zawadi! Mkaa."

"Mkaa?"

Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa vipindi. "Mtoto wa mwenyekiti amepata jiko. Jiko bila mkaa litafanya kazi gani?"

Nilicheka hadi nikalazimika kuketi juu ya lile gunia. Abiria wakageuka. Nilipoweza kusema nikamweleza kwamba kwetu kijana akioa tunasema amepata jiko, na kwamba anakwenda harusini. Akashika kichwa. Alitaka mkaa uachwe palepale, ampe mama muuza chai wa kivukoni.

"Usiuache," nilimwambia. "Utakuja nao, na utawaeleza mwenyewe."

"Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo."

Njia nzima ya majini alikuwa akifanya mazoezi ya sentensi zake mbili, akitazama maji. Aliniuliza pia kwa nini mwanamke awe jiko, nikasema ndivyo tulivyowakuta wazee wakisema. Akasema hilo si jibu. Ni kweli, halikuwa jibu, na nikaona haya kidogo kwamba miaka yote ile sikuwahi kujiuliza.

Ukumbini, zamu ya zawadi ilipofika, mshereheshaji alimwita mgeni wa mama. Vijana wawili wakalibeba gunia hadi mbele. Minong'ono ikaanza. Mgeni akashika kipaza sauti.

"Niliambiwa kijana amepata jiko," alisema. "Basi nikaleta mkaa."

Vigelegele vikapasuka ukumbi mzima. Watu walisimama juu ya viti. Mwenyekiti alikimbia mbele akiwa amevua viatu, akamkumbatia mgeni wake, akanyakua kipaza sauti: "Na moto wake usizimike!" Wakaitikia wote, na ghafla mkaa ule ukawa dua, tena nzuri kuliko mabeseni yote ya zawadi yaliyotangulia.

Bibi harusi, muuguzi mwembamba mwenye macho ya utani, alikuwa akicheka hadi shela linatikisika. Akanipungia nisogee, akaninong'oneza. "Mwambie namshukuru sana. Ila gunia amkabidhi mume wangu. Yeye ni mpishi wa shule ya bweni. Mimi ugali wangu hata mbwa anauzunguka mara mbili kabla hajaamua."

Nilimtafsiria mgeni kwa Kiingereza, mbwa na ugali wake wote, na sikuhitaji kueleza chochote. Akanyanyuka palepale, akaliburuta gunia sakafuni hadi miguuni pa bwana harusi. Kijana hakungoja kuambiwa. Alivua koti, akalitupa gunia begani, akacheza nalo akizunguka meza ya keki, na vumbi jeusi likamtiririka juu ya shati jeupe huku mama yake akimfuata nyuma na kanga, akijaribu kumfuta na kucheza kwa wakati mmoja.