Sijambo ya Kulwa

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Mganga Mkuu wa Mkoa aliitazama, akaisoma barua yangu ya ajira, kisha akairudia tai. Nilikuwa nimeshuka kwenye treni ya Dar es Salaam asubuhi ileile, nikiwa na begi dogo la nguo na sanduku la vitabu ambalo mchukuzi wa stesheni ya Mwanza aliuliza kama lina mawe. Nilimjibu kwamba lina elimu. Nilikuwa mtu wa aina hiyo.

"Chuo Kikuu," alisema Mganga Mkuu, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. "Ndugu Daktari, vitabuni mgonjwa huja na ugonjwa mmoja. Hapa anakuja na mitatu na shangazi wawili. Vua tai, watoto wa wodini watakuning'inia."

Niliivua. Kwa miezi sita nilifanya kazi wodi ya watoto: malaria, surua, kuhara, utapiamlo. Waliogonga kichwa walikuwepo pia, maana Mwanza ni mji wa majabali, na jabali likikaa nyuma ya nyumba mtoto atalipanda. Utaratibu wetu ulikuwa mfupi. Tulimulika macho kwa tochi kuona kama mboni zote mbili zinasinyaa sawasawa, tukapiga eksirei kama filamu ipo, na fuvu likionekana halina ufa mtoto alirudi nyumbani. Fuvu zima, mtoto mzima. Somo hilo nililifaulu kwa alama ambazo mpaka leo nazikumbuka, na nyumbani kwangu wamenikataza kuzitaja.

Kisha Mganga Mkuu akanipeleka kwenye kituo cha afya upande wa Magu, katikati ya mashamba ya pamba na mpunga. Nilikuwa daktari pekee, na kwa hiyo nikadhani mimi ndiye mkubwa wa kituo. Mkubwa alikuwa Sista Kiongozi, mama wa Kisukuma aliyeanza uuguzi wakati mimi nanyonya. Aliniita Nshomile, neno la kwetu Bukoba linalomaanisha msomi, ambalo nchi nzima hulitumia kututania Wahaya. Asubuhi alinipa orodha ya wagonjwa na kuniuliza, "Nshomile, leo utatusomea au utatutibu?"

Kulwa aliletwa msimu wa kuvuna pamba, msichana wa darasa la saba, pamoja na mama yake na pacha wake, Doto. Shule zilikuwa na mashamba, elimu ikiwa ya kujitegemea, na pamba ya shule ilipakiwa na wanafunzi wenyewe. Gunia kubwa huning'inizwa kwenye fremu ya miti, pamba inamiminwa, na mtoto mwepesi anaingia ndani kuishindilia kwa miguu huku likijaa na yeye akipanda juu pamoja nalo. Kulwa ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Alipofika juu fremu iliyumba, akaangukia kisogo. Alizimia kwa muda wa kuchota ndoo moja ya maji, akaamka, akauliza mara tatu leo ni siku gani.

Nilimlaza siku mbili. Landrova ya kituo ilimpeleka Mwanza kupigwa picha, akarudi na fuvu safi kama sahani. Siku ya tatu nilimwita ofisini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Hujambo, Kulwa?"

"Sijambo."

"Kichwa kinauma?"

"Hapana, Daktari."

"Uko tayari kurudi shule?"

"Ndiyo, Daktari."

Alisimama wima, mikono nyuma, macho sakafuni. Nikafurahi kuona mtoto mwenye adabu. Nikaandika cheti: hajambo kabisa, anaweza kuendelea na masomo na kazi zote. Hilo neno "zote" hakuna aliyeniomba. Nililiongeza kwa ukarimu wangu.

Siku kumi baadaye Doto alikuja peke yake, kwa miguu, akasimama mlangoni. Nilimuuliza, "Kulwa hajambo?"

"Hajambo," alijibu Doto.

Nikarudi kwenye makaratasi yangu. Sista Kiongozi ndiye aliyeweka chini trei ya sindano, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mtoto.

"Doto, mwanangu. Jana Kulwa alikula nini?"

"Uji."

"Ukakaa tumboni?"

Doto alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Ulitoka. Kila tukimaliza mchakamchaka unatoka. Anafukia na mchanga mwalimu asione."

"Na mama akimtuma dukani?"

"Akitumwa chumvi na sabuni analeta chumvi tu. Juzi alirudi mikono mitupu, amesahau ametumwa nini. Mama akamchapa." Sasa maneno yalikuwa yanamtoka yenyewe. "Jua linamuumiza macho, anatembea ametazama chini. Shuleni wanamwita kupe. Na Jumamosi anaingia tena guniani."

Enzi zile kupe lilikuwa tusi zito. Ndiye mtu asiyefanya kazi, anayenyonya jasho la wenzake, na alichorwa kwenye mabango akiwa na kitambi. Kulwa alikuwa na uzito wa madebe mawili ya mahindi.

Doto alipotoka kunywa maji, Sista aliniuliza, "Siku ile ulimuuliza nini yule mtoto?"

"Nilimuuliza hujambo."

"Nshomile, ulimsalimia. Hukumpima."

Nimefanya kazi hii karibu miaka thelathini na sijafundishwa jambo kubwa kuliko hilo. Mtoto aliyelelewa, awe wa Kisukuma, wa Kihaya au wa Kijita, ukimuuliza hujambo atajibu sijambo hata kama mguu mmoja ameuacha njiani. Na nikimuuliza kama kichwa kinauma, mimi mtu mzima mwenye koti jeupe, atajibu lile analodhani nataka kulisikia. Macho sakafuni niliyaita adabu. Yalikuwa yanakimbia mwanga wa dirisha langu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa mtikisiko wa ubongo. Mfupa hauvunjiki na picha haioneshi kitu, lakini ubongo umetikiswa na unahitaji muda kutulia. Kabla haujatulia, pigo la pili, hata dogo, linaweza kumharibu mtoto maisha yake yote au kumuua. Hayo yalikuwemo kwenye sanduku langu la elimu, ukurasa niliousoma haraka. Ilikuwa Alhamisi, na gunia lilimsubiri Jumamosi.

Kesho yake Landrova haikuwa na petroli, nikachukua baiskeli ya mpishi wa kituo. Nilifika shuleni mwekundu kwa vumbi hadi kope. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye kaunda suti iliyopigwa pasi ya mkaa. Alinizidi umri kwa mbali, kwa hiyo ugomvi wetu ulianza na shikamoo.

"Marahaba, Ndugu Daktari. Umekuja kutuongezea nguvu shambani?"

"Nimekuja kumwombea Kulwa mapumziko, Mwalimu."

"Kulwa ni mzima." Akafungua droo, akanisukumia karatasi mezani. "Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Nisomee hapo mwisho."

"Na kazi zote," nikasoma.

"Zote. Mimi nilidhani unajua maana ya zote."

"Nilikosea, Mwalimu."

"Wananchi wamekusomesha miaka mingapi ili uje ukosee?"

"Mingi."

Hakucheka. "Sikiliza, Daktari. Nina ekari tano za pamba, na nina watoto walioshagundua kwamba kichwa hakionekani ndani. Nikimwachia mmoja bila sababu, keshokutwa darasa zima linaumwa kichwa. Na huyu alikuwa anaongoza. Mtihani uko mbele, sasa hata tebo ya saba hajui. Mimi nasema anatega."

"Hategi. Na kesho haingii guniani, hata kama itabidi niingie mimi."

Alinipima kwa macho, nadhani akikadiria kama fremu itanihimili. "Basi kawaambie wewe mwenyewe mstarini. Mimi siwezi kuwaambia watoto kwamba daktari ameandika uongo."

Nilisimama mbele ya wanafunzi wote, chini ya bendera, suruali imeingia kwenye mnyororo wa baiskeli na kuchanika. Hotuba ya kitaalamu niliyoitunga njiani ilinikimbia. Kilichonijia ni kibuyu. Kila nyumba pale ilikuwa na kibuyu cha kusukia maziwa ili kupata siagi.

"Ukisuka maziwa," niliwaambia, "kibuyu kinapasuka?"

"Hapana."

"Ukikitazama nje unaona mabadiliko?"

"Hapana."

"Na maziwa yaliyomo ndani yako kama mwanzo?"

Walicheka. Kisha wakamgeukia Kulwa, aliyekuwa mstari wa pili ametazama miguu yake. Nikawaambia kwamba kichwa chake ni kibuyu kilichosukwa, na kwamba mimi nilikitazama nje nikasema kizima. Nikasema kosa ni langu, nikachana cheti, na vipande nikavitia mfukoni kwa sababu zamu ya kufagia ilikuwa ya darasa la pili.

Mwalimu Mkuu aliuliza kwa sauti, "Na kibuyu kitatulia lini?"

"Sijui, Mwalimu."

Nilidhani hapo nimeshindwa. Lakini yeye alikuwa mtoto wa mfugaji, na maziwa aliyajua kuliko mimi. Akawageukia wanafunzi. "Mmesikia. Kulwa hagusi jembe wala gunia mpaka Daktari aseme. Atakayemwita kupe atachota maji ya walimu mwezi mzima."

Habari zilifika Mwanza kabla ya ripoti yangu. Mganga Mkuu aliniita. "Daktari akichana cheti chake hadharani, watu watauliza na vile vingine."

"Waulize, Mzee."

Alizungusha kalamu. "Vingine vikoje?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuwafuata nyumbani kwao, wote waliogonga kichwa."

"Kwa gari lipi?"

"Baiskeli ya mpishi."

"Basi andika. Kila mtoto, kila wiki. Ukinirudia na hadithi ya kibuyu peke yake nitakurudisha Bukoba ukalime migomba."

Ndivyo nilivyoingia kwenye utafiti, nikiwa na daftari la mistari na tairi lenye viraka. Mgonjwa wa ukurasa wa kwanza alikuwa Kulwa, na kwake pia nilikosea mwanzoni. Nilimlaza tena kituoni, nikamfungia chumbani, madirisha yamezibwa, asiongee na mtu. Siku ya nne Sista Kiongozi alifungua dirisha moja. "Huyu hajafa, Nshomile. Mpe karanga abangue." Tukaanza kwenda kwa ngazi. Kwanza kubangua karanga kivulini. Kichwa kisiposumbua, kutembea hadi kisimani bila ndoo. Kisha saa moja darasani, mbali na dirisha, Doto akimnakilia ya ubaoni. Dalili zikirudi tunashuka ngazi moja, hatumlaumu mtu. Jembe na mchakamchaka ni ngazi za mwisho.

Kipimo kilikuwa cha Sista: kumtuma. Vitu viwili, kisha vitatu, kisha vinne, kutoka stoo hadi wodini. Mama yake alikubali kuweka fimbo chini na kutuambia Kulwa amesahau nini. Siku aliyoleta kikombe, kitambaa, kijiko na sabuni kwa mpangilio uleule, Sista aligeukia ukutani akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Mtihani ulikuja wakati Kulwa yuko ngazi ya pili kutoka juu. Enzi zile hakukuwa na kurudia darasa la saba. Ulikuwa mlango mmoja, na ulifunguliwa mara moja. Alifanya. Doto alichaguliwa kwenda sekondari. Kulwa hakuchaguliwa. Nimejiuliza mara nyingi zile siku kumi za mchakamchaka zilimgharimu nini, na jibu halimo kwenye daftari.

Nilirudishwa Mwanza, nikapewa meza kwenye korido, Ijumaa tu, kwa ajili ya watoto waliogonga kichwa. Waliangukia majabali, baiskeli na milingoti ya goli, na mmoja alipigwa teke na ng'ombe wa babu yake, ambaye alikuja kunieleza kwamba ng'ombe hana kosa. Daftari moja likawa madaftari saba. Mganga Mkuu aliyasoma yote, akasahihisha Kiswahili changu, kisha akatuma waraka wa ukurasa mmoja kwa zahanati zote za mkoa. Mstari wa kwanza alikataza usibadilishwe: usimuulize mtoto hujambo, muulize jana alikula nini na kama kilikaa tumboni. Hakuweka jina langu wala la Sista. Nilinuna wiki nzima. Nilipokwenda Magu kumlalamikia, Sista aliniuliza kama watoto walikuwa wananuna pia.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ilemela, na huko nilistaafu nikiwa na miaka hamsini na mitano, magoti yakiwa na zaidi. Vijana wanaochukua nafasi zetu wana mashine zinazoona ndani ya fuvu. Naziheshimu. Ila nimemwona kijana mmoja akiisoma picha kwa makini sana huku mtoto aliyelala mbele yake amefumba macho kwa sababu ya taa, nikamgusa bega.

Siku ya kuniaga kulikuwa na pilau, soda, na hotuba za watu waliokuwa wakinikwepa. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alikuja, mama mwenye miwani na kitenge cha bluu. Nchi ilipohitaji walimu kwa haraka, wahitimu wa darasa la saba walichukuliwa kufundishwa kazi hiyo, naye alikuwa mmoja wao. Baadaye alijiendeleza chuoni Butimba.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Hujambo, Kulwa?"

"Goti la kulia linauma nikipanda majabali. Na juzi nilisahau jina la mtoto wa Doto, nikalikumbuka wakati wa chakula." Alisubiri nimalize kutabasamu. "Na wewe Daktari, huku kustaafu, hali yako?"

"Sijambo," nikasema. "Sijambo kabisa."

Kulwa alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na mimi.

"Jana ulikula nini?"