Watoto wa Kushikwa

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa bila kulia. Hatukumfanyia matanga, maana kwao mume wangu mtoto wa namna hiyo huzikwa na watu wachache, na kesho yake kila mtu anarudi kazini. Nami nilirudi. Wakati huo nilikuwa napakia biskuti kiwandani, Industrial Area. Nilipakia na sikulia mbele ya mtu.

Baadaye nilipata kazi kwenye kliniki ndogo ya eksirei, Buruburu. Kupiga deki, kuita wagonjwa, na kuwashika watoto wadogo wasitikisike wakati wa picha. Hiyo ya kuwashika niliipenda.

Nilipopata mimba ya pili, mama mkwe alijua kabla sijafungua mdomo. Alitoka kwake mtaa wa Jericho na ndizi, akanikalisha jikoni.

"Hii usiitaje," aliniambia. "Ile ya kwanza ilisikika mtaa mzima, na ukaona."

"Na kazini, mama?"

"Huko ndiko kabisa. Ikijitokeza, wana macho."

Sikubishana. Ile ya kwanza kweli niliitangaza, hata kwa muuza mboga. Sikuamini kwamba maneno ndiyo yaliyomuua mtoto, lakini sikuwa na hakika kwamba siyo.

Shida ni kwamba mkuu wetu, mpiga picha tuliyemwita daktari, alitufundisha siku ya kwanza kwamba miale ipo tu mashine inapopiga. Haibaki chumbani wala kwenye nguo. Ukiwa nyuma ya ukuta wa kinga, uko salama. Anayeingia avae aproni ya risasi, yale madini mazito yanayozuia miale. Na aliye na mimba aseme mapema, kwa sababu huyo haingii kushika mtu.

Basi nikawa mtu wa visingizio. Mtoto akiletwa, mimi nina haja ya choo, au nimeitwa getini. Mwenzangu, aliyekuwa ametoka likizo ya uzazi majuzi na bado ananyonyesha, ndiye aliyevaa aproni kila mara.

"Wee mama, siku hizi mtoto akilia unapotea," aliniambia akiivua.

"Ni mgongo."

"Mgongo gani huo unajua saa ya watoto?"

Nilicheka naye. Nyumbani nilifua nguo zilizokuwa safi, nikazianua kabla hazijakauka, nikazianika tena. Mume wangu alirudi kutoka kukata nyama soko la Burma, akaniuliza natafuta nini. Sikuwa natafuta kitu.

Alasiri moja mama mmoja alimleta mwanawe aliyeanguka kutoka kitandani, mkono umevimba. Mwenzangu alivaa aproni. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa. Nilikuwa mlangoni, tayari naondoka, nikamsikia akimuuliza daktari kwa sauti ya chini.

"Hii miale haiingii kwa maziwa? Juzi wangu alikataa kunyonya."

"Haiingii," daktari akasema. "Nyonyesha tu. Kuna hospitali kubwa wanadunga watu dawa zenye miale, huko kuna masharti yake. Hapa hatuna. Lakini mbona ni wewe tu unaingia kila siku? Mwenzako yuko wapi?"

Mwenzangu alinitazama. Angeweza kusema lolote. Alisema, "Ana mgongo."

"Nina mimba," nikasema.

Mama wa yule mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa hongera. Daktari alimwomba avae aproni amshike mwanawe mwenyewe, picha ikapigwa, kisha akaniita pembeni. Je, nilikuwa nimeshika mtoto tangu mimba iingie? Nilikuwa nimeshika, kabla sijajua. Nikiwa na aproni? Nikiwa nayo. Akasema basi kilichonifikia ni kidogo sana, ila atapeleka beji yangu, ile inayopima miale, ikasomwe. Akanipa nyingine ya kuvaa tumboni, akanihamishia mapokezi.

"Na mimi nikaucheka mgongo wa watu," mwenzangu akasema. "Si ungeniambia?"

Jumapili nilimwambia mama mkwe. Aliweka kikombe chini.

"Umewaambia wangapi?"

"Daktari na mwenzangu. Na mama mmoja simjui."

"Huyo hamjui mtu wetu yeyote," akasema baada ya kufikiri. "Basi iishie hapo."

Beji ilirudi bila tatizo. Siku hizi wazazi ndio wanaovaa aproni, na mwenzangu huingia tu pale mtoto anapoletwa na mtu asiyeweza kumshika. Yote yamekwenda kama ilivyotakiwa, lakini mimi sijatulia. Mtoto akilia kule ndani nasimama, mikono iko mbele tayari, kisha nakumbuka na kukaa. Anayecheza tumboni anacheza sana. Namhesabia miezi kimyakimya. Ninachotaka kwake, siku hiyo ikifika, ni alie.